Kikohozi cha Unga

Kama kuna mtu aliyebobea katika kuacha kazi katikati, ni yule mwanamke ambaye ukoo mzima ulimwita Nusu. Na hawakumsingizia. Nyumbani kwake dirisha moja la sebuleni lilikuwa na pazia, la pili lilikuwa na shuka iliyobanwa kwa vibanio vya nguo, kwa sababu pazia lake bado lilikuwa limelala kwenye cherehani, na cherehani yenyewe ilishageuka meza ya kuwekea pasi. Alisomea ukunga, akaacha. Alifungua duka la vitambaa, akalifunga kabla rangi ya kibao haijakauka vizuri. Alimfumia mumewe sweta, akafika mkono mmoja, akachoka, akalitupia kabatini. Sweta la mkono mmoja, jamani! Mumewe alilivaa vivyo hivyo siku moja mbele ya wageni, akazunguka nalo sebuleni kwa madaha, mkono mmoja umefunikwa na mwingine uko wazi, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Nusu naye alicheka. Kisha aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuchemsha chai.

Huyo mumewe alikuwa mwoka mikate katika bekari moja nyuma ya stendi, na wenzake walimwita Chachu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutulia. Palipo na donge la unga lililogoma kuumuka, au wafanyakazi waliogoma kuongea, aliitwa yeye. Alifanya kazi kati ya tanuri na mashine ya kukandia, pale ambapo unga huelea hewani mchana kutwa na kutua kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye kikombe cha chai. Alirudi nyumbani mweupe kama mtu aliyetolewa kwenye gunia. Na alirudi na kikohozi chake. Kikohozi kikavu, kifupi, cha mara kwa mara, ambacho mkewe angeweza kukitambua katikati ya soko lililojaa watu. Daktari wa zahanati alimwambia ni unga uliomkalia kifuani, akae nao mbali. Chachu akamjibu, "Nikae nao mbali, halafu nile nini, daktari? Karatasi zako?"

Nusu hakikumtia hofu kikohozi hicho, maana aliijua tabia yake. Mumewe akichukua likizo, kinamalizika chenyewe. Siku ya kwanza bado, ya pili kinapungua, ya tatu kimya. "Akiwa likizo kifua chake kinatulia kama cha mtoto mchanga," alikuwa akiwaambia mawifi zake kila mara, kwa majivuno ya mke anayemjua mumewe nje ndani. "Mpaka nakosa usingizi. Nimeshazoea kelele."

Sasa, mlima. Kutoka juu ya paa la jengo lao, mahali wapangaji walipoanika nguo, mlima ulionekana asubuhi mawingu yakijaalia, na kichwa chake cha barafu kikiwa kimejitokeza peke yake. Siku moja familia imekaa mezani, mama mkwe yupo, wifi mdogo yupo, mabinamu wapo, Nusu akaweka kijiko chini akasema, "Mimi ule mlima nitaupanda. Mpaka kileleni."

Kilichofuata ni kicheko cha kuezua paa. Mama mkwe alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Wewe? Ngazi za kwako hapa unapumzikia katikati!" Binamu mmoja akauliza kama huko mlimani kuna kiti cha nusu ya njia, wamwekee jina lake. Wifi mdogo peke yake ndiye aliyesema, "Mwacheni, mnamjua?" Lakini naye alikuwa anajiuma mdomo asicheke.

Chachu hakucheka. Aliendelea kula, kisha akasema bila kuinua macho, "Tutaenda wote."

Nusu alimtazama. Alijua fika kwamba mume wake hana haja na mlima. Starehe ya Chachu ilikuwa kuvua viatu na kusikiliza mpira redioni. Alikuwa anamwendea yeye, basi. Akaapa moyoni kwamba safari hii hata akitambaa, hata akitoka damu, atafika. Na kama kuna kiapo kilichowahi kumwingia mtu mwilini kama homa, ni hicho. Alianza kupanda na kushuka ngazi za jengo lao kila jioni, akiwa na mkoba uliojaa chupa za maji, na Chachu nyuma yake akitoka moja kwa moja kazini, nyusi bado nyeupe, akikohoa katika kila ghorofa. Wapangaji walifungua milango kuwachungulia. "Mnahama?" waliulizwa. "Ndiyo," akajibu Chachu, "tunahamia juu." Mwezi ukapita, ukapita mwingine, na Nusu hakuacha. Hata mama mkwe alianza kunyamaza.

Likizo ilipofika waliondoka. Mlimani waliunganishwa na mwalimu mmoja wa michezo, kijana mwenye mapaja kama magogo, aliyevaa filimbi shingoni mpaka wakati wa kula. Walikuwa na kiongozi wa safari, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, msaidizi wake, na wapagazi wa kubeba mahema na vyakula. Kiongozi aliwapanga mbele yake getini kama wanafunzi, akawaambia, "Huku hatushindani. Ukiumwa, sema. Anayeumwa anashuka, na hashuki peke yake, anashuka na mmoja wetu. Mlima utakuwepo tu, hauna pa kwenda."

Wakaanza. Siku za mwanzo zilikuwa za msitu na matope, kisha miti ikafupika, ikawa vichaka, vichaka vikawa mawe. Nusu alitembea na roho mkononi, akihofia kila asubuhi kwamba leo ndiyo miguu itamgeuka. Haikumgeuka. Kitu kingine ndicho kilichotokea, kikamfurahisha sana. Walipokuwa wamepumzika kwenye jiwe, alimgeukia mumewe ghafla.

"Umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Hukohoi."

Chachu akajishika kifua, akavuta pumzi ndefu kama anayejaribu shati dukani. "Ala! Kweli bwana. Kumbe dawa yangu ilikuwa huku."

"Dawa yako ni kuwa mbali na lile tanuri. Nimekwambia mara ngapi?"

Wakacheka, na alasiri ile walitembea wameshikana mikono kila njia ilipokuwa pana. Kama angejua, angekaa juu ya jiwe lile asiondoke.

Katika kambi ya mwisho kabla ya kilele, mwalimu wa michezo aligoma kula. Alitapika, akakaa chini ameshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia kama mtoto, filimbi ikining'inia. Kiongozi hakubishana. Alimwambia msaidizi, "Chukua huyu, shuka naye sasa hivi." Wakaondoka, mwalimu ameegemea bega la msaidizi, hata hakuaga. Kiongozi akawageukia wawili waliobaki. "Sasa nimebaki mimi peke yangu. Mjue hilo. Akishuka mmoja wenu, tumeshuka wote."

Nusu aliitikia kwa kichwa. Kutoka pale kilele kilionekana wazi, karibu kiasi cha kutaka kukinyooshea mkono.

Na alasiri ile ile, wakiwa ndani ya kibanda wanakunywa chai, Chachu akakohoa.

Mara moja. Kisha tena. Kikavu, kifupi. Nusu alishika kikombe chake kwa nguvu bila kunywa. Chachu aliinuka kwenda kuchukua blanketi, hatua chache tu, akarudi anahema kama aliyepanda ghorofa zote za jengo lao kwa mbio. Akakaa, akakohoa tena.

Kiongozi aliweka sufuria chini. "Mzee, hicho kikohozi kimeanza lini?"

Chachu alifungua mdomo. Nusu akamwahi.

"Aa, hicho si cha leo, kiongozi. Huyu ni mwoka mikate. Hicho ni kikohozi cha unga, nimelala nacho tangu tulipooana."

"Una hakika, mama? Nakuuliza kwa sababu cha huku juu kinaua. Maji yanaingia mapafuni, mtu anazama akiwa nchi kavu. Dawa yake ni moja tu, kushuka."

"Mimi ndiye mkewe," alisema Nusu. "Nisipokijua mimi, atakijua nani?"

Kiongozi alimtazama Chachu. Chachu naye alimtazama mkewe, kwa muda mrefu, uso mtulivu, kama anavyolitazama donge akiamua kama limeumuka vya kutosha. Kisha akatabasamu.

"Ni unga, kiongozi. Msikilize mama."

Kiongozi bado alisitasita. Akauliza kama kichwa kinauma, Chachu akasema hapana. Akauliza kama usingizi anaupata, Chachu akasema ule wa pono. Basi. Mtu mwenyewe anasema, mkewe anathibitisha, wewe mgeni utafanya nini? Kiongozi akachukua sufuria yake akatoka nje kuisuuza.

Nikwambie ukweli wa pale, maana hakuna haja ya kuuzunguka. Wazo lilimjia Nusu. Lilimjia wazi kabisa, akiwa bado ameshika kikombe: huku juu unga umetoka wapi? Siku zote hizi kifua kilikuwa kimya. Aliliona wazo lile kama unavyomwona mgeni mlangoni, akalifungia mlango usoni. Akajiambia labda ni baridi. Akajiambia labda mabaki yalikuwa yamejificha ndani kabisa. Akajiambia ni kesho tu, kesho asubuhi wanafika, kesho mchana wanashuka, wakishuka kitaisha. Akamwona mama mkwe akijifuta machozi ya kicheko. Akasikia kile kiti cha nusu ya njia. Alimfunika mumewe blanketi lake mwenyewe, la pili, akamuuliza, "Unajisikiaje?"

"Nimechoka kidogo tu."

Hakuuliza tena. Aliogopa jibu.

Waliondoka alfajiri, kukiwa kumeanza kupambazuka. Kiongozi mbele, Nusu katikati, Chachu nyuma. Mteremko ulikuwa wa changarawe inayoteleza, unapanda hatua unarudi nusu yake, na upepo unakata masikio. Nusu hakugeuka sana. Alimsikia mumewe nyuma yake, kikohozi, kimya, kikohozi, na kikohozi sasa hakikuwa kikavu tena, kilikuwa na kitu cha majimaji ndani yake. Kiongozi alisimama mara kwa mara kuwasubiri, na kila aliposimama Chachu alikuwa ameshafika, ameinua kidole gumba, hasemi. Kumbe alikuwa anatunza pumzi. Kila tone la pumzi alilokuwa nalo alilitumia kufika pale kiongozi aliposimama na kuonekana mzima.

Wakafika.

Nitasema nini kuhusu kilele? Ni mawe, barafu, na ubao uliopigiliwa misumari. Lakini Nusu alipokikanyaga alipiga magoti, akalia kwa sauti, akacheka, akapiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia zaidi ya hao watu wawili. Dunia yote ilikuwa chini yake. Ukoo wake wote ulikuwa chini yake. Mwili wake ule ule uliokuwa ukipumzikia katikati ya ngazi ulikuwa umesimama mahali pasipo na pa kupanda tena. Ilikuwa furaha ya kweli, na hilo ndilo baya zaidi. Hajawahi kupata furaha kama ile, wala hatapata nyingine.

Kiongozi aliwapiga picha. Nusu amenyoosha mikono yote miwili juu, mdomo wazi. Chachu amekaa chini ya ubao, mkono mmoja ameshika kiatu cha mkewe. Midomo yake imekuwa ya zambarau, lakini anatabasamu.

"Umemaliza, mke wangu," alisema. Ilimchukua pumzi tatu kuyasema maneno hayo.

Kiongozi alimsikia. Alimsogelea, akamtazama midomo na kucha, akaweka sikio mgongoni mwake. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umebadilika. "Tunashuka. Sasa hivi. Mbio."

Lakini Chachu hakuwa na mbio tena. Alishuka akiwa ameshikwa kwapani huku na huku, miguu inaburuza changarawe, kifua kikichemka kama birika. Kabla ya kufika katikati ya mteremko alipiga magoti akatema povu jekundu jekundu kwenye mawe. Kiongozi akambeba mgongoni. Mtu na akili zake, kambeba mtu mzima mgongoni kwenye mteremko ule, akianguka na kuinuka, akiwaita wapagazi kwa kupiga mbinja mpaka midomo ikamkauka. Wapagazi walikuja wanapanda na machela ya gurudumu moja. Walipomlaza juu yake, kiongozi akamfungua zipu ya koti ili apate hewa.

Ndani alikuwa amevaa lile sweta. La mkono mmoja. Alilitoa kabatini nyumbani bila kumwambia mkewe, akalibeba mpaka kileleni, upande mmoja sufu na upande mmoja shati.

Nusu alimkamata mkono ule usio na sufu akaanza kuusugua, kuusugua, akimwita kwa majina yote aliyowahi kumwita. Chachu alimtazama, lakini macho yalikuwa yanapita pembeni yake. Alifariki pale pale kwenye machela, kambi ikionekana pale chini. Kiongozi alimfumba macho, akavua kofia, akakaa chini akawapa mgongo. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Pole, mama," na njia yote ya kushuka hakusema neno jingine.

Msibani watu walijaa mpaka ngazini. Kila aliyeingia alitaka kujua, na Nusu alisimulia kwa sauti ile ile kavu: alianza kukohoa, tukajua ni kikohozi chake kile kile cha unga. Wanawake wakaguna, wakapiga makofi ya masikitiko. Nani asingejua hivyo? Ukoo mzima ulikijua kile kikohozi. Daktari wa zahanati, aliyekuja kutoa pole, alisema mapafu yaliyokwisha kudhoofika kwa unga yasingeweza kustahimili. Basi hasira ikapata pa kwenda. Bosi wa bekari alipoingia ameshika kofia kifuani, mama mkwe alimrukia. "Unga wako umeniulia mwanangu! Miaka yote hiyo anakohoa mbele yako, hata kitambaa cha kufungia pua hukumpa!" Bosi aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka, akasema, "Kweli, mama. Nisamehe." Waokaji wenzake Chachu walimtazama bosi wao kwa macho ya chuki. Nusu alikuwa amekaa mkekani, hatua mbili tu kutoka hapo, na hakufungua mdomo.

Na kwake mambo yalibadilika. Hakuna tena aliyemwita Nusu. Walimwita kwa heshima, wakimpisha akae, wakimwonyesha kwa wageni kama mjane aliyefika kileleni na mumewe. Ile picha ilikuzwa, ikawekewa fremu, ikatundikwa sebuleni kati ya dirisha lenye pazia na dirisha lenye shuka, kwa sababu ndiyo picha ya mwisho ya marehemu. Mama mkwe kila akija huigusa kwa vidole. "Angalau alikufa akiwa na furaha," husema. "Mtazame anavyocheka."

Wifi mdogo ndiye aliyekuwa akija mara nyingi kuliko wote. Alifua, alipika, alimsukuma wifi yake ale. Asubuhi moja alikuja na kitambaa kibichi, akaishusha ile picha ili aipanguse vumbi, na Nusu alikuwa amekaa kwenye kochi anamtazama. Wifi alikuwa akiongea hiki na kile, bei za vitu, majirani, mvua. Mkono ukawa unazunguka kwenye kioo. Kisha ukazunguka taratibu zaidi.

"Wifi," alisema. "Hivi wewe si ndiye uliyekuwa unatuambia kaka akiwa likizo hakohoi?"

Nusu aliukunja upindo wa kanga yake.

"Ulikuwa unatuchosha na hiyo habari. Kifua cha mtoto mchanga, kifua cha mtoto mchanga." Wifi alicheka kidogo, kicheko cha kumkumbuka mtu. Bado hakuwa na shaka. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipouweka. "Na mlishakuwa huko siku kadhaa. Sasa huko juu unga ulitoka wapi?"

Majibu yalikuwepo. Baridi. Mabaki. Tungejuaje, wifi. Nusu aliyahisi yote yamejipanga mdomoni, na angechagua lolote lingepokelewa, maana huyu alikuwa anampenda. Alimtazama Chachu kwenye fremu mikononi mwa dada yake, mkono juu ya kiatu, midomo ile.

"Haukutoka popote," alisema. "Nilijua si unga."

Kitambaa kikasimama. "Ulijua lini?"

"Kambini. Kabla hatujapanda. Kiongozi aliuliza, nikamjibu mimi. Tungesema kweli tungeshushwa wote."

Chini barabarani mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, inakataa. Nusu alisubiri kofi, alisubiri kilio, alisubiri mama mkwe aitwe. Alikuwa tayari kwa lolote katika hayo, hata alikuwa analitamani.

Wifi hakufanya hata moja. Alimaliza kupangusa kioo pembe zote nne. Akaitundika picha pale pale, akarudi nyuma, akainyoosha isiwe upande, kwa sababu kaka yake alikuwa ndani yake. Akachukua mkoba wake, akavaa viatu mlangoni bila kuinama kuvifunga kamba. Alikuwa ameshashika kitasa alipogeuka.

"Miaka yote tulikucheka," alisema. "Ungemshusha tu ukaja tukakucheka tena."

Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa. Nusu alimsikia akishuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, bila kupumzika.